Gharama za Uendeshaji Zinazosahaulika katika Uanzishaji wa Karakana Ndogo za Leza: Mfano wa Mazingira ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Leza ya kabonidayoksaidi ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Leo mashine zinazotumia leza hiyo hupatikana kwa ukubwa wa meza, na wajasiriamali wadogo huzitumia kukata akriliki na plaiwudi, na kuchonga mihuri ya mpira, ngao za tuzo na vibao vya majina. Anayeanzisha biashara hii kwa kawaida hukokotoa bei ya mashine, usafirishaji, ushuru wa forodha na pango la chumba, kisha huchukulia kuwa kilichosalia ni umeme na malighafi. Makala hii inafafanua kuwa ukokotoaji wa namna hiyo huacha nje gharama zinazoamua uhai wa karakana. Gharama hizo hufichika kwa njia tatu: zipo zinazojilimbikiza kimyakimya, zipo zinazolipwa kutoka mfuko mwingine, na zipo zinazobebwa na mwili wa mfanyakazi.

2.0 Gharama zinazojilimbikiza

Kiini cha mashine ni mrija wa kioo uliojazwa mchanganyiko wa gesi. Mrija huo huisha. Ule wa bei nafuu hudumu kwa takriban saa 1,000 hadi 3,000 za kutoa mwale, na huisha mapema zaidi ukiendeshwa kwa kiwango cha juu kabisa cha mkondo wa umeme. Hata usipotumika, ubora wa gesi yake hupungua kadiri muda unavyopita. Hivyo kununua mrija wa akiba na kuuweka kabatini kwa miaka si kinga kamili.

Kwa ajili ya ufafanuzi, ichukuliwe kuwa mrija umegharimu shilingi 1,200,000 na utadumu kwa saa 2,000. Kila saa ya mwale inakula shilingi 600 za mrija. Kwa upande wa umeme, leza ya aina hii hugeuza takriban asilimia 10 tu ya umeme kuwa mwale. Hivyo mrija wa wati 80 huhitaji karibu wati 800, na kipozea maji, feni ya moshi na kompresa huongeza mahitaji hayo. Ikikadiriwa kuwa mfumo mzima unatumia kilowati 1.5, na mteja wa matumizi ya kawaida ananunua uniti moja ya LUKU kwa takriban shilingi 356, saa moja inagharimu shilingi 534. Katika mfano huu, mrija ambao haumo kwenye daftari unagharimu zaidi ya umeme uliomo. Karakana inayotoa mwale kwa saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, itauhitaji mrija mpya baada ya takriban miezi 13. Ikiwa shilingi 600 hazikutengwa katika kila saa, fedha hizo zitakuwa zimekwishatumiwa zikidhaniwa kuwa faida.

Upozaji nao una gharama yake. Maji ya mrija hutakiwa kuwa ya baridi ya wastani, lakini ndoo na pampu haviwezi kuyashusha chini ya joto la chumba, ambalo Dar es Salaam mara nyingi hupita nyuzi 30 za Selsiasi. Kwa hiyo kipozea chenye kompresa ni sehemu ya lazima ya mtaji. Hata hivyo, maji yakiwa baridi kupita kiasi katika hewa yenye unyevu wa pwani, umande hutanda kwenye mrija na kuhatarisha mfumo wa umeme wenye volti nyingi. Aidha, maji hayo yanapaswa kuwa yaliyotoneshwa, na hubadilishwa mara kwa mara.

3.0 Gharama zinazolipwa kutoka mfuko mwingine

Mashine inapowekwa nyumbani, umeme wake huchanganyika na wa familia. Vilevile, saa za kuchora usanifu, kurekebisha nembo isiyo safi iliyoletwa na mteja na kufanya majaribio kwenye vipande vya akriliki hazilipwi popote. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande huweza kuharibika na mjasiriamali ndiye anayekilipia.

4.0 Gharama zinazobebwa na mwili

Moshi wa plaiwudi na akriliki una chembe na mvuke wenye madhara. Feni inayoutoa dirishani huuhamishia kwa jirani. Kichujio cha kaboni huunasa, lakini hujaa na lazima kibadilishwe. Kuahirisha ubadilishaji huo huonekana kama kuokoa fedha, ilhali gharama imehamia kwenye mapafu. Hatari zaidi ni ngozi bandia iliyotengenezwa kwa PVC. Ikichomwa hutoa haidrojeni kloraidi, gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Asidi hiyo hudhuru njia ya hewa na kuzitia kutu reli za mashine. Kwa hiyo kukataa oda ya namna hiyo kuhesabiwe kuwa sehemu ya matunzo ya mashine.

5.0 Hitimisho

Ufafanuzi huu unaonesha kuwa kipimo kinachofaa cha gharama ni saa ya mwale, wala si mwezi. Mjasiriamali anashauriwa kuandika saa hizo kila siku, kutenga fungu la mrija, lenzi, vioo na vichujio kabla ya kuhesabu faida, na kuutoza usanifu kama kazi inayojitegemea. Bei itakayopatikana huenda ikazidi ya washindani. Hata hivyo, mshindani anayetoza chini ya gharama ya mrija wake anauza mashine yake kidogokidogo, na siku mrija utakapozimika hatakuwa na fedha ya kununua mwingine.