Pangani kabla ya daraja: mji mtulivu unaosubiri kamera za majirani

Basi linalotoka Mombasa kwenda Dar es Salaam huvuka mpaka kati ya Lunga Lunga na Horohoro, huingia Tanga, kisha huipa bahari kisogo na kukata bara kupitia Segera. Abiria wake huikosa Pangani bila kujua, ingawa mji huo uko takriban kilomita 50 tu kusini mwa Tanga, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na tangu hapo milango yao ya nakshi imejaa kwenye kalenda na kadi za posta. Pangani haimo katika orodha hiyo. Kuta zake ni kongwe vilevile, lakini anayezitazama kwa kamera ni nadra.

Hali hiyo haitadumu. Barabara ya pwani inayoziunganisha Kenya na Tanzania kutoka Malindi, Mombasa na Lunga Lunga hadi Tanga, Pangani na Bagamoyo ni mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sehemu yake mojawapo ni daraja la mita 525 linalojengwa kuvuka Mto Pangani. Wafanyabiashara wana haki ya kulisubiri kwa hamu. Lakini kwa mpiga picha wa Mombasa, Nairobi au Arusha, daraja hilo ni saa ya ukutani: kuna mambo yaliyopo Pangani leo ambayo hayatakuwepo siku magari yatakapopita bila kusimama.

La kwanza ni kivuko. Mji uko ukingo wa kaskazini na kijiji cha Bweni uko wa kusini, na kati yao hupita kivuko cha TEMESA kikibeba pikipiki, malori, matenga ya samaki na wanafunzi wenye sare. Wageni wengi hupiga picha wakiwa juu ya kivuko, nao huondoka na migongo ya watu. Mahali pazuri zaidi ni pembeni ya gati la upande wa mjini, jioni, uso ukielekea magharibi. Mto hapo huja moja kwa moja kutoka machweo, na kila anayeshuka huonekana kama kivuli kilichochorwa kwa wino juu ya maji ya dhahabu.

Sehemu ya pili haijifichi, ila inahitaji kujua kalenda. Nyumba za zamani za mtaa wa mtoni, zikiwemo maghala na jengo la forodha, zimeelekeza nyuso zake kusini. Pangani iko nyuzi tano na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua huwa kaskazini, na kuta hizo hukaa kivulini mchana kutwa. Kuanzia Novemba hadi Februari, msimu wa kaskazi, jua huhamia kusini na kuzimulika: matumbawe yanayochungulia chini ya chokaa iliyobanduka, mabati yenye kutu, mbao za roshani zinazoning'inia. Anayekuja Julai na kulalamika kwamba mji hauna sura amekosea miezi tu. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa mwinuko wa Bweni, ambako kijia kinapanda hadi mahali panapoonyesha mlango wa mto, mji na minazi kwa mara moja. Desemba jua huwa nyuma ya mpiga picha. Juni humpiga machoni.

Kuhusu bahari, anayefaa kuulizwa ni mvuvi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani hii hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa mnamo saa nne asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Kwa hiyo saa nne ya bamvua ndiyo saa ya kushuka ufukweni: mashua zimelala ubavu, mafundi wamechuchumaa chini yake wakikalafati nyufa kwa pamba, na mchanga umebaki na mistari ya maji hadi mbali. Siku za maji mafu mandhari hiyo haipo kabisa.

Hapo ndipo adabu inapokuwa na uzito kuliko lenzi. Maeneo haya yanaitwa maficho na mgeni tu, kwani kwa mwenyeji ni mahali pa kazi, na mengine ni uani kwa mtu. Anayemwamkia mzee kwa "mambo" huku simu imeshainuliwa atageuziwa mgongo, na atastahili. "Shikamoo mzee, naomba kupiga picha" hufungua njia, na jibu likiwa hapana, basi ni hapana. Wanawake wanaoanika dagaa wana sababu zao za kukataa, na hawawajibiki kuzieleza. Boma la zamani lenye milango ya nakshi limetumika kama ofisi za serikali, hivyo ruhusa huombwa ndani kabla kamera haijatolewa. Droni ni suala jingine: pande zote mbili za mpaka hairuhusiwi kurushwa bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Pangani ina sababu ya kuwa na shaka na mgeni mwenye kamera. Upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani ulilipuka hapa mwaka 1888, baada ya wakala wa kampuni yao, Emil von Zelewski, kuwadhalilisha wenyeji. Kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa mjini hapa tarehe 15 Desemba 1889. Picha nyingi za kale za makoloni ya Ujerumani, Afrika Mashariki ikiwemo, ziko leo katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt. Zilipigwa na watawala, kwa macho ya watawala. Shaaban Robert alipofanya kazi ya forodha katika pwani hii, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, aliandika. Waliopiga picha ni wengine.

Ndiyo maana kuta zinazobomoka mtaa wa Uhindini zinastahili zaidi ya picha moja ya kupendeza. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipoteza paa hunywa mvua, na misimu michache ya masika huutosha. Picha ya mlango mzima leo, iliyoandikwa tarehe na mtaa, huenda ikawa ushahidi pekee kwamba mlango huo ulikuwepo.

Juu ya mto nako kuna cha kurekodi. Mashua ya kukodi hupanda kati ya mikoko na mashamba ya minazi, na asubuhi mapema ukungu hukaa juu ya maji. Wenyeji huonya kuhusu mamba, kwa hiyo mkono haupaswi kuning'inia nje. Maji haya yametoka mbali: kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na sehemu ndogo ya bonde lake iko Kenya, upande wa maziwa Jipe na Chala. Yakitumika kwa wingi huko juu kumwagilia mashamba, huku chini chumvi ya bahari hupanda mtoni. Minazi iliyokauka vichwa kingoni ni picha inayomhusu mkulima wa Taveta sawa na mvuvi wa Pangani.

Wenye siku ya ziada hukodi mashua hadi Maziwe, kisiwa cha mchanga nje ya mlango wa mto. Kilikuwa na miti, mmomonyoko ukaimaliza. Kasa bado hupanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili maji yasiyafunike. Nahodha ndiye anayeamua saa ya kuondoka, kwa sababu bamvua ikijaa kisiwa chote huzama, na aliyechelewa kukunja miguu mitatu ya kamera hujikuta amesimama baharini.