Pisti, MIDI na kuantiza: maneno ya kujua kabla ya kurekodi wimbo

Wengine mutashangaa kuona agronome anaandika juu ya muziki. Njo hivi: hapa Epulu tulitaka kutengeneza tangazo la redio juu ya ugonjwa wa mozaiki kwenye mihogo, tukaomba kikundi cha Wambuti watuimbie. Niliwarekodi kwa kompyuta, na nikaharibu wimbo wao juu ya maneno machache ambayo sikuyajua. Nayaeleza hapa ili nyinyi musirudilie kosa langu.

Pisti. Fikiria shamba lenye mistari. Kila sauti iko na mustari wake: ngoma huku, gitaa huku, mwimbaji huku. Ukitaka kupunguza ngoma peke yake, unagusa mustari wake tu. Lakini watu watano wakiimba kwa mikro moja, hiyo ni pisti moja. Kuwatenganisha kisha ni kama kutafuta chumvi ndani ya sombe iliyoiva.

Odio na MIDI. Odio ni sauti yenyewe; masini inaipima mara 44,100 kwa sekunde moja, kama kwenye CD. MIDI, iliyotoka mwaka 1983, si sauti. Ni maagizo: piga noti gani (ziko 128, toka 0 mpaka 127), saa gani, kwa nguvu gani. Kwa hiyo noti za MIDI za piano unaweza kuzigeuza filimbi bila kupiga tena. Sauti ya mama hauwezi kuigeuza hivyo.

Sikuensa. Ni fasi ya programu ambapo unapanga maagizo hayo kwa mufuatano wa wakati. Kipande kinachojirudilia chenyewe kinaitwa lupu.

Tempo. Ni hesabu ya mapigo kwa dakika. Tempo 60 ni pigo moja kila sekunde, 120 ni mawili. Programu inachora mistari ya mapigo hayo, njo gridi.

Kuantiza. Ni kuvuta kila noti mpaka kwenye mustari wa gridi ulio karibu. Kwa ngoma ya MIDI uliyopiga na vidole vizito, inasaidia sana. Mimi nilikuantiza waimbaji. Sasa, kwa Wambuti, mara mingi mtu mmoja anashika noti moja ao mbili, mwenzake anaingia pale yeye anapoacha nafasi. Utamu uko kwenye nafasi ile. Masini iliwavuta wote pamoja, nafasi ikakufa. Mama mmoja alivaa kaske, akasikiliza, akaivua: «Hawa si sisi.»

Projeti na eksporti. Projeti ni faili inayolinda pisti zote zikiwa mbalimbali. Eksporti ni kuzichanganya zote kuwa faili moja, kama MP3. Kwa lugha yetu ya shamba: projeti ni mbegu, MP3 ni unga. Unga haupandwi. Mimi nilikuwa nimebakiza MP3 tu, projeti nilishaifuta ili kupata nafasi kwenye masini. Na kikundi kilikuwa kimeingia porini kwa majira ya asali.

Kuna mutu aliyefikiria jambo hili mbele yetu. Simha Arom, miaka ya 1970 kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, alirekodi wanamuziki mmoja mmoja, kila mmoja akimusikia mwenzake kwa kaske. Hivyo kila sauti ilikaa peke yake, lakini wenyewe njo walishika mwendo, si masini.

Waliporudi, tulifanya vilevile: bila gridi, projeti kwenye flashi mbili, na wao wakasikiliza kabla redio haijapata kitu. Walikubali. Lakini kipande ambacho muzee mmoja aliimba mara ya kwanza hakukirudilia. Alisema siku ile ilikuwa siku ile.

Basi, wewe unayeenda kurekodi kwaya ya parokia ao bibi yako kijijini, linda projeti kwanza. Kuantiza iguse ngoma za masini. Na kabla ya kutuma popote, mwenye sauti ajisikilize, aseme kama ni yeye.