Kusahau miadi kwaweza kuwa dalili ya sonona

Ulimwahidi mwenzako kazini kwamba ungempigia simu saa nane, hukupiga. Fomu ya shule ya mtoto uliyoitia mkobani asubuhi imerudi nyumbani jioni bila kufikishwa. Vidonge vya shinikizo la damu vi pale pale mezani. Jamaa zako wanasema umekuwa mzembe. Lakini ikiwa kusahau huku kumeandamana na huzuni isiyokwisha, huenda si uzembe. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kuu.

Kukumbuka jambo unalokusudia kulifanya baadaye ni tofauti na kukumbuka yaliyopita. Hapa hakuna anayekuuliza. Sharti akili yako ijiamshe yenyewe. Mwaka 1990, wanasaikolojia Gilles Einstein na Mark McDaniel walitofautisha aina mbili: kukumbuka kunakoamshwa na kitu, kama unapomwona rafiki ukakumbuka kumpa salamu zake, na kule kunakotegemea saa pekee.

Aina hii ya pili humlemea sana mgonjwa wa sonona. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999, wagonjwa waliopewa kazi ya kufanya kila baada ya muda fulani waliisahau mara nyingi zaidi, na pia waliitazama saa mara chache kuliko wenzao. Sababu si ngumu kufahamu. Akili inayorudiarudia mawazo mazito haibaki na nafasi ya kufuatilia saa. Kukosa usingizi nako huongeza uchovu.

Hatari kubwa iko kwenye matibabu. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na lazima zimezwe kila siku. Mgonjwa akisahau dawa au tarehe ya kliniki, ugonjwa huzidi. Ukizidi, naye husahau zaidi.

Ufanye nini? Usitegemee saa iliyo kichwani. Funga kila kusudio kwenye jambo unalolifanya kila siku: "Nikimaliza chai ya asubuhi, nitameza kidonge." Weka dawa karibu na kikombe. Tega kengele ya simu, andika miadi kwenye kalenda ukutani, na umwombe mtu wa nyumbani akukumbushe bila kukukaripia. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Muulize daktari au mfamasia.

Iwapo huzuni, au kutopendezwa na chochote, kumedumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali. Mweleze daktari kuhusu kusahau pia, kwa kuwa upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo na pombe huweza kuleta hali kama hiyo. Na ukijiwa na mawazo ya kujiua, usingoje miadi: mwambie mtu akupeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Sonona hutibika, na mara nyingi kumbukumbu hupata nafuu pamoja na moyo.