Waingereza au Wabritania? Historia ya jina na ya mataifa yaliyo chini yake

Wako watu watatu ambao msomaji wa historia ya Kongo hukutana nao mapema. Wa kwanza ni David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871. Wa pili Henry Morton Stanley, ambaye mji wa Kisangani uliitwa kwa jina lake hadi mwaka 1966. Wa tatu konsuli Roger Casement, ambaye ripoti yake ya mwaka 1904 iliufichulia ulimwengu ukatili wa utawala wa Leopold wa Pili. Kwa Kiswahili wote watatu tumezoea kuwaita Waingereza. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mwingereza. Livingstone alikuwa Mskoti, Stanley Mwelisi na Casement Mwairishi.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake, kwani Wafaransa nao husema hivyo hivyo, na Waingereza wenyewe kwa muda mrefu hawakuona tofauti kati ya jina lao na jina la dola. Hata hivyo, kwa mfasiri na kwa mwanahistoria kosa hili lina gharama, maana linaficha jambo lililo kiini cha historia yote ya kisiwa kile: kwamba Britania si taifa moja bali ni muungano wa mataifa, na kila moja liliingia kwa mlango wake. Katika makala hii tutatumia neno Uingereza kwa nchi ya Waingereza wenyewe, ambayo mji wake mkuu ni London, na neno Britania kwa dola nzima.

Welisi iliingia kwa upanga. Mfalme Edward wa Kwanza aliishinda mwaka 1283, na chini ya Henry wa Nane, kwa sheria za mwaka 1536 na 1543, ikaunganishwa kabisa na Uingereza. Sheria ya mwaka 1536 iliamuru kwamba mahakama ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwamba mtu atumiaye lugha ya Kiwelisi asipewe cheo chochote cha serikali. Lugha yenye mapokeo ya ushairi ya karne nyingi ikabaki ya shamba na ya nyumbani.

Lakini historia ya lugha haiendi daima kama watawala wanavyoipangia. Mwaka 1563, Bunge la London, likihofia kwamba Wawelisi wasingeipokea dini mpya ya Kiprotestanti kwa lugha wasiyoielewa, liliagiza Biblia ifasiriwe kwa Kiwelisi. Nakala ya Kiingereza iliwekwa kando yake kanisani, ili watu wazilinganishe na hivyo wajifunze Kiingereza. Yakatokea kinyume chake. Tafsiri kamili ya William Morgan, iliyotoka mwaka 1588, iliipa lugha hiyo sura sanifu na heshima ya maandishi, na watu wakajifunza kusoma kwa lugha yao wenyewe. Sisi tunaoshughulika na usanifishaji wa Kiswahili tunaujua uzito wa tukio kama hilo.

Shambulio la pili lilikuja kwa njia ya shule. Mwaka 1847 wakaguzi watatu Waingereza, wasiojua Kiwelisi, walichapisha ripoti iliyodai kwamba lugha hiyo ndiyo iliyowazuia watu kuendelea, tena ikayatukana maadili yao. Wawelisi wanaikumbuka hadi leo kwa jina la Usaliti wa Vitabu vya Buluu. Zilikuwako shule ambamo mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kipande cha ubao shingoni; akimsikia mwenzake akisema hivyo humpa yeye, na atakayekuwa nacho jioni huadhibiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza desturi ya namna hiyo katika shule za Kenya wakati wa ukoloni. Mwaka uo huo wa 1847, mtoto wa miaka sita aitwaye John Rowlands, mzaliwa wa Denbigh na msemaji wa Kiwelisi, aliachwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Huyo ndiye Stanley. Alipokuwa mtu mzima alijitangaza kuwa Mmarekani na kuficha asili yake kadiri alivyoweza.

Uskoti uliingia kwa mkataba. Tangu mwaka 1603 nchi mbili zilikuwa na mfalme mmoja, na mwaka 1707 mabunge yakaunganishwa, wakati Uskoti ulikuwa umeelemewa na hasara ya jaribio lake la kuanzisha koloni huko Darien. Ulibaki na sheria zake, kanisa lake na vyuo vikuu vyake, na wana wake wakapata nafasi kubwa katika himaya: maofisa, wafanyabiashara, waganga, na wamisionari kama Livingstone.

Ayalandi, iliyounganishwa mwaka 1801, ndiyo iliyoumia zaidi. Wakatoliki, waliokuwa wengi, hawakuruhusiwa kuketi Bungeni hadi mwaka 1829. Njaa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine kama hao wakahama. Casement aliitumikia dola hiyo kwa miaka mingi. Lakini katika barua ya mwaka 1907 alieleza kwamba ni katika misitu ya Kongo, alipokuwa akimchunguza Leopold, ndipo alipojitambua kuwa Mwairishi. Alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916 kwa kosa la uhaini. Mwaka 1922 sehemu kubwa ya Ayalandi ikajitoa.

Ni nini basi kilichowafunga pamoja waliobaki? Mwanahistoria Linda Colley, katika kitabu chake cha mwaka 1992, anataja hasa Uprotestanti na vita vya mara kwa mara dhidi ya Ufaransa, pamoja na faida za himaya. Hoja hiyo inatushawishi, kwa kuwa inaeleza pia kulegea kwa kifungo: vita hivyo vimekwisha, himaya imevunjika na makanisa yamepungukiwa na watu. Mwaka 1999 Uskoti na Welisi zilipata mabunge yao. Mwaka 2014 asilimia 45 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka uhuru. Mwaka 2016 Uingereza na Welisi zilichagua kutoka katika Umoja wa Ulaya, huku Uskoti na Ayalandi ya Kaskazini zikichagua kubaki. Nacho Kiwelisi hakikufa: kina televisheni yake tangu mwaka 1982, ingawa sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wasemaji wake ni chini ya mmoja kati ya watu watano.

Mapatano ya Belfast ya mwaka 1998 yanampa mzaliwa wa Ayalandi ya Kaskazini haki ya kujitambulisha kuwa Mwairishi, au Mbritania, au vyote viwili, kama apendavyo. Jina la Mwingereza, ambalo kwa Kiswahili tungempa bila kufikiri, halimo katika orodha hiyo.