Frem Mbele, Familia Nyuma: Maisha ya Katikati ya Mlowo

Abiria wa basi la Mbeya kwenda Tunduma huiona Mlowo kwa dakika chache tu. Basi linapunguza mwendo kwenye matuta, wauza karanga na ndizi wanakimbilia madirishani, mtu mmoja anashuka na begi lake na ndoo, bodaboda watatu wanamgombania, kisha safari inaendelea kuelekea Vwawa. Abiria huyo akiulizwa baadaye Mlowo pakoje, atajibu kwamba ni maduka, magunia na malori. Hajakosea, ila ameona upande wa mbele peke yake. Nyuma ya safu ile ya maduka, hatua chache tu kutoka kwenye lami, kuna watu wanachambua maharage, wanaanika nguo na kusukana nywele, na watoto wanacheza rede uani. Katikati ya mji ni mahali pa kuishi, na wapo wenye uwezo wa kujenga pembeni kwenye viwanja vikubwa ambao hawataki kabisa kuondoka.

Ili kuelewa kwa nini hawataki, ni vizuri kujua kwanza kilichowaweka pale.

Barabara ndiyo iliyoukuza mji huu. Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru huko Rhodesia ya Kusini, Zambia ilipoteza njia yake ya kawaida ya kupitishia mafuta. Yakaanza kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwa njia ya vumbi na matope ambayo madereva waliibandika jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola. Ikafuata lami, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Katika miaka isiyozidi 12, nyanda hizi za Mbozi zilizokuwa mbali na kila kitu zikajikuta kwenye mlango mkuu wa kusini mwa nchi.

Mlowo ilikuwa na bahati nyingine, nayo ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya Kamsamba inapochepuka kutoka kwenye barabara kuu na kuteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Ufuta na mpunga wa Momba hupanda kwa njia hiyo, na tangu lilipojengwa Daraja la Momba lenye urefu wa mita 84, watu na mizigo ya upande wa Rukwa nao wanapita. Ongeza mahindi na kahawa ya Arabika ya Mbozi yenyewe, na soko linajieleza. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa jirani kabisa, Vwawa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 998,862 katika eneo ambalo sasa ni mkoa huo. Ile ya 2022 ikawakuta 1,344,687. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, na wengi wanataka walale karibu na pesa ilipo.

Nyumba ya kawaida ya katikati imejengwa kwa hesabu hiyo. Vyumba viwili vya mbele vimetobolewa milango mikubwa ya chuma vikawa frem: moja ni duka la pembejeo, nyingine ni ya wakala wa pesa za simu au saluni. Katikati yake pana korido nyembamba inayoingia uani. Huko vyumba vya wapangaji vinatazamana, bomba ni moja, choo na bafu viko pembeni, na jiko la mkaa limewekwa mbele ya karibu kila mlango. Kodi hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita. Umeme wa LUKU huchangiwa, na hapo ndipo diplomasia ya ua inapopimwa: mwenye friji na pasi atoe kiasi gani, na mwenye taa moja na chaja ya simu atoe kiasi gani? Ua wenye mama mwenye nyumba mwenye busara hulimaliza suala hilo siku ya kwanza, mpangaji anapoingiza kitanda chake. Ua usio na mtu wa namna hiyo hulala giza mara kwa mara ilhali pesa zimo mifukoni.

Ukaribu ndio utamu wa kwanza wa maisha haya. Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu inapowafanya watu watembee na makoti hadi saa nne, anayeishi katikati hupata chai ya maziwa na chapati kwa mama ntilie kabla vidole havijafa ganzi. Fundi cherehani yuko mlango wa tatu, duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, sokoni anaenda na kurudi maji ya ugali yakiwa bado hayajachemka. Mwenye kibanda pembeni ya mji hulipa bodaboda kwa kila kitu hicho, asubuhi na jioni, na mwisho wa mwezi unafuu wa kodi ya kule unakuwa umeishia kwenye nauli.

Utamu wa pili ni kujulikana. Mtoto anatumwa dukani bila senti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa nini leo?”

“Mama anaomba unga kilo moja na mafuta ya kupima, atakuletea jioni baba akirudi.”

Mwenye duka anafungua daftari, anaandika, anapima. Hana haja ya kitambulisho wala mdhamini. Anaujua mlango anakotoka mtoto, anajua baba yake anapakia magunia, na anajua msimu wa mahindi umeanza kwa hiyo pesa ipo. Benki hutumia fomu nyingi kupata taarifa hizo.

Majina yaliyoandikwa juu ya frem nayo yanasimulia. Kuna koo za Wanyiha wenyeji, akina Nzunda na Mwashiuya, na akina Simbeye wa upande wa mpakani. Kuna Sanga, jina la Wakinga wa Makete ambao biashara yao imesambaa Nyanda za Juu zote hadi Dar es Salaam. Kuna Mushi na Massawe waliotoka Kilimanjaro. Uani kwao watoto huongea Kiswahili kimoja chenye lafudhi ya huku, na siku ya msiba ua mzima hufunga biashara, mbao na turubai hutolewa, na anayepika ni jirani, awe wa kabila lolote.

Marekani kulikuwa na mwandishi aliyeeleza mambo haya vizuri kuliko wataalamu wengi wa mipango miji. Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi Mtaa wa Hudson katika kitongoji cha Greenwich Village jijini New York, alitoa kitabu chake maarufu mwaka 1961 akiwapinga waliotaka kubomoa mitaa ya zamani ili kupitisha barabara pana na kusimamisha maghorofa yaliyotengana. Hoja yake ilikuwa kwamba mtaa wenye nyumba na biashara pamoja huwa salama kwa sababu kuna macho ya watu tangu alfajiri hadi usiku: muuza mkate, bibi wa dirishani, mlevi anayerudi nyumbani. Hakuwahi kuandika habari za Mlowo, lakini angeielewa bila mkalimani. Mwizi wa nguo kambani hapa anaonwa na fundi baiskeli, na mtoto aliyepotea hurudishwa na dereva wa bajaji.

Ila tusiwapambie wasomaji. Maisha ya katikati yana gharama, na nyingi hulipwa na mwili. Malori ya shaba na mafuta hayalali. Foleni ya mpakani Tunduma ikikaza, madereva hupumzika njiani na injini huunguruma usiku kucha. Septemba na Oktoba vumbi jekundu huingia hadi kwenye sufuria, na mvua za Novemba zikianza, vumbi lile lile hugeuka tope linaloziba mitaro. Choo kimoja kwa kaya sita ni aibu ambayo wenye nyumba wengi wangeweza kuiondoa kwa kodi ya miezi michache. Na barabara ile inayolisha mji huua pia: mtoto wa shule anayevuka asubuhi anatembea mbele ya lori la tani nyingi ambalo dereva wake amekesha.

Kero nyingine haina kelele. Katika miji mingi ya barabara kuu nchini, nyumba hupakwa alama ya X ukutani. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. X nyekundu ina maana nyumba imo ndani ya zile mita 22.5 za zamani, na mwenyewe hutakiwa kuivunja bila fidia. X ya kijani ni ya wale waliokutwa na sheria mpya, ambao hustahili kulipwa eneo linapohitajika. Anayeishi na X ya kijani huishi nusunusu: hapaki rangi, haongezi choo, hajui mtoto wake atamalizia shule wapi. Upanuzi wa njia nne umeshaanza upande wa Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, na barabara ni ile ile. Si ajabu kila mwenye nyumba ya mbele akiona mtu na kipimo huulizia.

Hata hivyo, si katapila peke yake linaloweza kuwaondoa watu katikati ya mji. Pesa pia huwaondoa, polepole. Kariakoo ya Dar es Salaam ilikuwa mitaa ya nyumba za Kiswahili, zenye korido, ua na baraza, na familia zikiishi ndani. Soko lake kubwa lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 katikati ya majirani. Kisha frem zikawa na thamani kuliko vyumba, ghorofa zikapanda moja baada ya nyingine, wakazi wa zamani wakauza wakahamia pembezoni. Novemba 2024 ghorofa moja ikaporomoka asubuhi na kuua watu zaidi ya 20, na taifa likaanza kuuliza nani hukagua majengo yale.

Mlowo bado haijafika huko, na hapo ndipo nafasi yake ilipo. Dalili lakini zipo: sebule inayogeuzwa frem ya tatu, ua unaoezekwa kuwa stoo ya mahindi, wapangaji wanaopewa notisi msimu wa mavuno kwa sababu gunia hulipa vizuri kuliko familia. Mwenye nyumba ana haki ya kutafuta riziki, hakuna anayebisha. Lakini frem ile ya mbele hupata wateja wa jioni kwa sababu kuna watu wanaolala nyuma yake. Wakishaondoka, saa moja usiku mtaa utakuwa umefungwa makufuli, atabaki mlinzi na mbwa.

Yanayohitajika hayana ukubwa wa kuogopesha. Barabara kuu iko chini ya TANROADS na vichochoro vya nyuma viko chini ya TARURA, kwa hiyo wakazi wajue ni mlango upi wa kugonga wanapodai kivuko cha watoto na upi wanapodai mtaro. Halmashauri inapotoa kibali cha kujenga frem inaweza kudai choo cha kutosha na njia ya gari la zimamoto. Na kabla ramani ya upanuzi haijafungwa, wapangaji nao waitwe kwenye mikutano, maana X ikipakwa, mwenye nyumba ndiye anayejadiliwa fidia, na mama wa chumba cha nne, mwenye watoto watatu na jiko lake la mkaa, hupewa taarifa ya kuhama tu.