"Mbona mmempaka chokaa mjukuu wangu?" Bango la video lililotupeleka mpaka Guangzhou

Picha ilinifikia Maskati saa mbili usiku. Guangzhou ilikuwa tayari saa sita, kwani wenzetu wametutangulia kwa saa nne. Binti yangu, anayesoma huko mwaka wa tatu, aliniletea kwa WeChat na maneno matatu tu: "Mama, bango letu."

Walikuwa vijana watano ukingoni mwa mto, nyuma yao Mnara wa Canton umewaka rangi zote, na katikati yupo yeye, uso mkubwa kama wa msanii wa filamu. Juu limeandikwa jina la wimbo wao, "Mbali si Kupotea". Mama gani hatofurahi? Bila ya kufikiri nikairusha kwenye grupu la familia, ambako tupo watu zaidi ya sitini, wa Maskati, Dubai, Unguja na mmoja wa Cardiff. Masha'Allah zikamiminika, na maua, na mioyo.

Kisha ikaja sauti ya mama yangu mzazi, sekunde nne tu: "Mbona mmempaka chokaa mjukuu wangu?"

Nikaifungua picha upya. Binti yangu amemchukua bibi yake rangi, maji ya kunde, na kila anayewaona pamoja husema hivyo. Huyu wa kwenye bango alikuwa mweupe kama sahani ya kauri, pua imepunguzwa, na shavuni hakuna hata kile kidoti alichozaliwa nacho. Katika watu sitini, aliyeona ni mmoja, naye ana miaka themanini na kitu na miwani mizito.

Wiki mbili baadaye nikawa Guangzhou. Baba yao alikuwa anakwenda kwenye Maonyesho ya Canton, yale ya biashara yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo huwa kila msimu wa Aprili na Oktoba. Nikamwambia safari hii tunafuatana. Yeye akaenda kutazama vyombo vya jikoni, mimi nikaenda kutazama video.

Naomba nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu najua wapo wasomaji wenye watoto vyuoni ambao wameshaombwa "pesa za video" bila ya kujua zinakwenda wapi.

Wimbo ni wa usiku wa utamaduni wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwao. Wameutunga wenyewe. Binti yangu anaimba, kijana wa Mombasa anapiga kinanda, msichana wa Dar es Salaam anaitikia, kijana wa Bujumbura ndiye mwenye kamera, na mwenzao Mchina, msichana anayesomea usanifu wa picha, ndiye mtengeneza bango. Nilikaa nao kwenye mkahawa wa halali Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiafrika wamejaa mpaka unasahau kwamba upo China. Wakanifunulia daftari.

Mimi nilidhani video ni kwenda mahali pazuri na kuanza kupiga. Kumbe sivyo. Dakika tatu na nusu za wimbo wamezikata vipande 42, na kila kipande kina kisanduku chake kilichochorwa kwa penseli: nani yupo, amesimama wapi, kamera iko mbali au karibu, anaimba mstari upi. Pembeni wameandika mahali, saa na nguo. Vipande vyote vya mahali pamoja hupigwa siku moja, hata kama kimoja ni cha mwanzo wa wimbo na kingine cha mwisho, ili nauli isilipwe mara mbili. Sauti hurekodiwa kabla. Siku ya kupiga picha spika ndiyo inayolia, na mwimbaji anafuatisha kwa midomo.

"Mama, ukituona tunakimbizana siku ile," kijana wa Bujumbura akaniambia, "ujue hatukupanga."

Katika orodha ya mahali nikaona jina la Msikiti wa Huaisheng, moja ya misikiti mikongwe kabisa ya China, wenye mnara wanaouita Guangta, mnara wa mwanga. Limepigwa mstari. Kabla sijafungua mdomo binti akaniwahi: "Tumeshaufuta, Mama. Pale tunakwenda kuswali Ijumaa, si kupiga muziki."

Mahali palipobaki, na palipochukua vipande vingi kuliko pengine, ni Zhoutouzui, ukingoni mwa Mto Lulu upande wa Haizhu. Sikulijua jina hilo. Wakanipeleka jioni, mvua ya rasharasha, sufi nyeupe zikipeperuka kutoka kwenye misufi ya njiani, maana ua la msufi mwekundu ndilo ua la mji huu. Nikafika mbele ya mnara wa kumbukumbu, nikasimama. Ulikuwa wa jahazi letu, Sohar.

Wazee wanakumbuka. Jahazi hili lilijengwa Sur kwa udhamini wa Marehemu Sultan Qaboos, mbao zimeshonwa kwa kamba za nazi, bila ya msumari hata mmoja. Liling'oa nanga Maskati Novemba 1980, nahodha wa msafara akiwa mwandishi Tim Severin, pamoja na mabaharia wa Kiomani, na likaingia Guangzhou Julai 1981. Walikuwa wanafuata njia ya wafanyabiashara wa zamani, kama yule Abu Ubaida wa Oman aliyefika China karne ya 8. Jahazi lenyewe lilirudishwa nyumbani na kusimamishwa kwenye mzunguko wa Al Bustan, na mimi nimelipita kwa gari mara ngapi sijui, bila ya kupunguza mwendo. Na wale wa asili ya pwani ya Afrika hawahitaji kuelezwa chombo cha kushonwa ni nini, kwani mitepe ya Lamu na Unguja ilishonwa vivyo hivyo.

"Ndiyo maana tumepachagua hapa," binti akasema. "Tulikuja zamani, na tulirudi."

Lakini kupachagua si kuruhusiwa. Kupiga kwa simu hakuna anayekuuliza. Ukisimamisha kamera kwenye miguu yake, ukatoa taa na spika, mlinzi anakuja, na ana haki. Walishafukuzwa mahali pengine mara moja, wakapoteza usiku mzima. Safari hii wamekwenda chuoni kuomba barua yenye muhuri, kwa Kichina, inayotaja siku, saa na idadi ya watu. Ndege isiyo na rubani wameiacha: lazima isajiliwe kwa jina la mwenyewe, na maeneo mengi ya mji hairuhusiwi kuruka. Na jambo ambalo wazazi tulijue, viza ya mwanafunzi si ruhusa ya kazi. Mtu akitaka kuwalipa kwa wimbo huo, waulize chuo kwanza, pesa baadaye.

Walipokwisha kupima mwanga, wenzake wakaondoka. Tukabaki mimi na yeye kwenye benchi, mwavuli mmoja. Nikamuuliza lile lililonileta.

"Nani aliyekupausha?"

Nilikuwa na jibu langu tayari. Nilijua zipo programu za simu zinazong'arisha uso zenyewe, hujaziomba. Nilishasikia pia kwamba Wachina wana msemo wa zamani, weupe mmoja hufunika kasoro tatu. Kwa hiyo nilimtarajia ama mtambo, ama yule msichana wa bango.

"Mimi," akasema. "Yeye aliiacha kama ilivyo. Mimi ndiye niliyemwomba."

Nikamwacha aseme. Alisema kwenye treni ya chini ya ardhi watu humkodolea macho, na siku moja mtoto alimgusa mkono kuona kama rangi inatoka. Hilo halimuumi sana, wale hawamjui. Linalomuuma ni la nyumbani. Alipokuwa na miaka kumi na minne, kwenye harusi yetu wenyewe, shangazi mmoja alimshika kidevu mbele ya watu akasema: "Mzuri huyu, basi tu kaunguzwa na jua."

"Wote walicheka," akasema. "Na wewe, Mama, ulicheka."

Nilicheka. Nakumbuka ukumbi, nakumbuka nguo niliyovaa. Nilicheka kwa kuona haya, sikujua la kumjibu mkubwa wangu, lakini mtoto hakuona haya yangu, aliona meno. Sisi tuliorudi Oman kutoka Unguja na Pemba tunayajua maneno haya. Tumeambiwa sisi, na wengine wetu tumeyahamishia kwa watoto, kidogo kidogo, kwa mizaha na kwa krimu.

Nikaogopa, na mtu akiogopa husema lililo karibu. Nikamwambia: "Basi tuondoe uso kabisa. Tuweke mnara na mto tu. Hata baba yako atafurahi, hapendi picha yako isambae."

Akanitazama. "Mimi nilitaka kujipausha, wewe unataka kunifuta. Kuna tofauti?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia mama yangu, kwa laini yangu ya Oman, maana WhatsApp haipatikani kwa intaneti ya huko. Nikamweka wazi asikike.

"Sabalkheri, Bibi," binti akasema, ingawa huko kulishaingia giza.

Bibi hakumhubiria. Alimuuliza kama anamjua Siti binti Saad. Anamjua kwa jina tu. "Alitoka Fumba, akiuza vyungu," Bibi akasema. "Mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Kwetu zilipigwa mpaka sindano ikaisha. Walikuwapo waliomcheka kwa ukoo wake na sura yake. Leo nani anawajua majina?" Akanyamaza kidogo. "Uso wako uuweke. Lakini si mkubwa namna ile, kama tangazo la sabuni. Uweke pamoja na wenzako, katikati, kama mji wa kanga."

Nami nilikuwa na kanga begini, ile ya kulalia. Kesho yake nikaitandika mezani Xiaobei mbele ya yule msichana Mchina, binti akimfasiria: huu ukingo ni pindo, hapa kati ni mji, na haya maandishi ni jina. Sikumaliza. Alishachukua kalamu. Pindo akalichora mshono wa kamba, kama ubao wa jahazi Sohar. Katika mji akaweka sura tano kwenye duara, saizi moja. "Mbali si Kupotea" likakaa chini ndani ya kisanduku, palepale ambapo jina la kanga hukaa, na chini yake Kichina na Kiarabu kwa herufi ndogo.

Kiarabu nilikikamata mimi. Programu yake ilikuwa imeziachanisha herufi, kila moja imesimama peke yake, na neno linasomeka kinyumenyume. Yeye asingejua, na wenzake hawakuangalia. Tukampata kijana wa Yemen aliyekuwa meza ya pili, akaandika upya kwa mkono, likapigwa picha na kubandikwa. Nawashauri wenye watoto: bango la lugha tatu lisomwe na watu watatu kabla ya kuchapwa.

Nikajifunza pia kwamba bango moja ni mabango manne. La kuchapa, karatasi ya A3. La kusimama, pikseli 1080 kwa 1920, kwa wanaotazama simuni. La kulala, 1280 kwa 720, ndilo dirisha la YouTube, kwa ajili yetu tulio nje, kwani huko YouTube haifunguki. Na la mraba la kutumiana. Mchoro huhamishwa umbo moja hadi jingine, kwa hivyo muhimu isiwekwe pembeni ikakatwa. Kila aliyemo amesaini kwamba amekubali sura yake itumike, na wapi. Hilo la saini lilinichoma, nikikumbuka nilivyoirusha ile ya kwanza.

Tukaenda kuchapa karatasi moja ya majaribio. Ikatoka nyeusi, sura zote tano zimezama. Mwenye duka akaeleza kwamba skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina, wino hunywa. Akasogeza kiti: ngoja nizing'arishe hizi nyuso, dakika moja tu.

Binti yangu akamzuia mkono. Kwa Kichina chake akamwambia kitu kirefu, yule akacheka, akaanza upya. Tulipotoka nikamuuliza alimwambia nini.

"Nimemwambia aongeze mwanga kwenye picha nzima, na mto, na mnara, na anga. Ngozi asiiguse."

Ikatoka ilivyotakiwa. Usiku ule hotelini baba yake aliitazama muda mrefu, akiwa amechoka na sufuria zake. Nilidhani atakataa. Akauliza tu hawa wenzake ni watoto wa nani, akatajiwa mmoja mmoja, akasema sawa, lakini simu yake isiandikwe popote.

Safari hii nilimuuliza binti kabla ya kuirusha grupuni. Akafikiri. Akasema haya, Mama, tuma.

Masha'Allah zikaja, chache kuliko za mwanzo, nami siwezi kuwaficha hilo. Shangazi yule hakuandika kitu. Kisha sauti ya mama yangu: "Huyu namjua. Lakini kile kidoti kiko wapi?"

Binti akainama kwenye simu yangu, akajibu mwenyewe: "Kuza picha, Bibi. Kipo."