Hofu Isiyokwisha ni Ugonjwa, si Uvivu



Mtu akikatwa kidole na mashine, sote tunaiona damu, na mkubwa wa kazi hawezi kukana. Lakini yako maumivu yasiyotoa damu. Mojawapo ni ugonjwa wa wasiwasi. Wanaougua huitwa wavivu, waoga au wagomvi, na mtu aweza kupoteza kazi kwa jina hilo. Kwa hiyo yatupasa kuzijua dalili zake, hasa zile za moyoni.

Kwanza tutofautishe. Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mafuta ya gari yalipokosekana hapa Bujumbura mwaka 2024, nani kati yetu hakuhangaika atafikaje kazini? Mshahara ukichelewa, au mtoto akishikwa na malaria, moyo hauna budi kusumbuka. Hofu hiyo ina sababu, na sababu ikiondoka nayo huondoka. Tena hutufaa, maana ndiyo inayotufanya tuweke mkono mbali na mkanda wa mashine. Ugonjwa ni pale hofu inapobaki ingawa sababu imekwisha, au inapozidi kipimo, ikakaa karibu kila siku kwa miezi, hata ikamzuia mtu kufanya kazi na kuishi vema na wenzake.

Dalili za moyoni ni hizi:

1. Kuhangaikia kila kitu. Leo chakula, kesho kazi, kesho kutwa maradhi. Jambo moja likitengenea, moyo hutafuta jingine. Mwenyewe aweza kujua kwamba anazidisha, lakini hawezi kujizuia.

2. Kungojea baya. Simu ikilia, anadhani ni msiba. Kapita akimwita, anaamini amefukuzwa, kumbe anaitwa achukue jembe.

3. Hasira za upesi. Wengi hawajui kwamba hii ni dalili. Mtu aliyekuwa mpole anagombana kwa neno dogo, kazini na nyumbani.

4. Akili kutotulia. Anahesabu magunia mara tatu na bado hana hakika. Anaelezwa kazi, na mara anasahau.

5. Hofu kuu ya ghafla. Kwa dakika chache moyo unakwenda mbio, pumzi inambana, anaamini anakufa au anapata kichaa. Ikipita, anaanza kuogopa kwamba itarudi.

6. Kukwepa. Hapandi basi lenye watu wengi, hasemi mkutanoni, anajitenga kwa aibu.

Mwili nao husema: usingizi hauji, kichwa na tumbo vinauma, shingo inakaza, jasho linatoka. Ni vizuri mganga ampime mtu kwanza, maana ugonjwa wa moyo au wa tezi ya shingo waweza kufanana na huu.

Tena wako kati yetu waliopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Hofu ikija pamoja na ndoto na picha za mambo ya wakati ule, wengi huiita ihahamuka. Hiyo ni jamaa ya ugonjwa huu, nayo hutibiwa.

Mgonjwa asidhani yuko peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 359 walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Lasema pia kwamba katika kila wanne, ni mmoja hivi tu anayepata matibabu.

Basi tufanye nini? Mgonjwa asinyamaze. Aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Bujumbura kiko kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kilichoanzishwa na mabruda wa Frères de la Charité. Kwenda huko si kuwa kichaa. Matibabu ni mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo, na pengine dawa. Asijinunulie vidonge vya kutuliza, maana viko ambavyo mtu akivizoea ni vigumu kuviacha. Pombe nayo hutuliza jioni moja tu, na kesho yake wasiwasi huzidi.

Sisi wenzake tumsikilize bila kumcheka. Tusimwambie "jikaze", kwani angeweza angekwisha kujikaza.

Na wajumbe wa sendika wajue kwamba hili ni jambo la kazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataja wazi kwamba afya kazini ni ya mwili na ya akili pia. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi, ambayo nchi zote wanachama, pamoja na Burundi, zina wajibu wa kuheshimu misingi yake. Kwa hiyo mjumbe akiletewa habari ya mwenzetu anayetaka kufukuzwa kwa "uvivu", aulize kwanza: tangu lini amebadilika, na nani amemsikiliza? Aombe apelekwe kwa mganga kabla ya kuadhibiwa.

Tunamtetea aliyeumia mkono. Tumtetee na aliyeumia moyo.